Imefika Wapi?

Mama hakuwa na kipimo.
"Tia kiasi," akisema,
na kiasi kilikaa mkononi mwake, si katika kijiko.
Ukimuuliza kiasi gani, atakutazama
kama uliyemuuliza mvua ina vibaba vingapi.

Nyumba yetu ya Wete, kila msimu,
karafuu zililala ukumbini hadi chini ya vitanda.
Wingu likitanda tulikimbia nazo, majamvi kichwani.
Nguo za skuli zilinuka karafuu, daftari, mito,
hata uji.
Magunia yakipakiwa kwenda kuuzwa
baba alihesabu kwa vidole na kwa midomo,
na katika utajiri wote ule usio wetu
Mama alitia chunguni saba tu.
"Karafuu ni mgeni wa sauti kubwa," akisema.
"Akiongea, baraza zima hunyamaza.
Mwache mdalasini naye aseme lake."

Mkebe wake ulikuwa wa biskuti,
wenye farasi aliyefutika miguu.
Ndani, vipande vya kanga kuukuu vilivyopigwa mafundo:
fundo la hiliki, fundo la pilipili manga,
fundo la uzile,
na kungumanga moja, imechubuka upande
kama goti langu.

Siku ya pilau nilikuwa na kazi moja.
Kitunguu kikishageuka, uzile ukishaingia,
ataniita kutoka jikoni:
"Toka nje, mwanangu. Kaniambie imefika wapi."
Nami mbio uchochoroni, pua mbele,
nikirudi na habari kama tarishi.
"Imefika kwa Bi Raya."
"Bado." Anatia kitu.
"Imefika kwa fundi baiskeli, ameshusha nyundo."
"Karibu."
"Imefika msikitini, Mama, penye birika!"
Hapo hufunika, makaa juu ya kifuniko.

Nilidhani ni mchezo.
Nilidhani ananitoa nisimdokolee nyama.

Leo ni arubaini yake.
Masufuria tumeazima mtaa mzima.
Kaka Hamad anapasua kuni uani,
na bila kuinua kichwa anasema,
kama anayetaja bei ya sukari:
"Mama, tangu ile homa, wewe ulikuwa tumboni,
hakusikia harufu tena.
Hata moshi. Siku kanga yake iliposhika moto
aliuona kwa macho."

Mwiko umenisimama mkononi.

Miaka yote ile
pua yake ilikuwa mimi.
Uzile aliusikia kwa masikio,
ule mlio wa mchanga mkavu kwenye samli,
akaujua umeiva ulipobadili sauti.
Mdalasini aliuvunja, akasikiliza ulivyokatika.
Lakini kile cha mwisho, kile kiasi,
hakikuwa mkononi wala masikioni:
kilikuwa mtaani, kinapita mlango kwa mlango,
na mimi ndiye niliyekipima
kwa miguu.

Nafungua fundo la uzile.
Amelikaza mwenyewe; nimelifungua kwa meno.
Natia. Karafuu saba.
Natia ya nane. Naitoa, imenichoma vidole.
Kitunguu kimeungua kidogo, na iwe.
Pua yangu nzima, haina ila,
ila nimesimama karibu mno,
na nimelia tangu alfajiri,
na siisikii.

"Nasriya! Toka nje, mwanangu."
Anauliza aende wapi.
Nami sijui. Kwa Bi Raya hapana tena Bi Raya,
na kwa fundi baiskeli sasa wanauza simu.
"Nenda tu, ifuate.
Urudi uniambie imefika wapi."