Kasha la Maji

Miaka minne nimebeba mawe Panzi,
nimechubua bega, nimechana suruali,
kila muhula nahesabu franka juu ya godoro
na Nabintu anazikunja, anazificha ndani ya soksi,
anateremka Nyamugo kwenda kulipa ada.

Mjomba Cirhuza aliwahi kuniuliza,
kikombe cha kasiksi mkononi:
"Sayansi ya siasa? Hiyo inatibu nini?
Daktari anachoma sindano, mhandisi anajenga daraja,
huyu wako atachoma nini?
Siasa tunayo bure, kila redio, kila kona."
Nilicheka. Sikuwa na jibu.
Nilijua tu kwamba usiku alisoma kwa mwanga wa simu,
na neno moja, mamlaka, alilitamka polepole
kama anayeonja mboga kabla ya kuongeza chumvi.

Halafu bomba likakauka.
Bomba la avenyu yetu, lile tulilolichangia,
kila nyumba mia tano kwa wiki,
na kasha la bati likalala chini ya kitanda changu
kwa sababu mimi ni mwaminifu, wote walisema,
na kwa sababu nina kufuli.

Jumamosi, baada ya salongo, majembe yangali na tope,
chifu wa avenyu akatukusanya.
Alisema ni mvua. Alisema ni Mungu.
Alisema tuchange tena.
Watu wakaguna, kisha mikono ikaingia mifukoni,
maana ndivyo tulivyozoea: kuguna, kisha kutoa.

Nabintu akasimama.
Hakupaza sauti. Laiti angepaza,
kelele tunazijua, kelele zina dawa yake.
Aliuliza tu, kama anayeuliza bei ya sambaza:
"Kamati hii ilichaguliwa siku gani?
Muda wake unaisha lini?
Aliyetoa pesa Januari aliandikwa wapi?
Na anayelinda kasha, nani anamkagua?"

Anayelinda kasha ni mimi.

Mlima mzima ukanigeukia.
Mama Cibalonza, kidumu cha njano miguuni,
alinitazama kama ananiona mara ya kwanza.
Sikuiba. Naapa kwa kaburi la baba, sikuiba.
Lakini nilikopesha. Kidogo kwa chifu, msiba.
Kidogo kwa ndugu, Krismasi.
Kidogo kwangu, siku ada ilipokaribia,
ndiyo, ada yake yeye,
nikasema nitarudisha, nikarudisha nusu,
nusu nyingine nikaisahau
kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Usiku sikumsemesha.
Alikuja na daftari, akapiga mistari kwa rula:
kilichoingia, kilichotoka, sahihi.
"Kaka Mugisho, sikukuita mwizi.
Nilisema kuna mwanya.
Ukitoka wewe akaingia malaika,
mwanya ukibaki, atachafua mabawa."
Tukaandika mpaka betri ikazima.
Mstari wa kwanza ni deni langu,
elfu thelathini na mbili, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Bomba bado halitoi maji. Sitaki kudanganya.
Ila sasa tuna barua, nakala tatu, sahihi arobaini na moja,
na kamati mpya ambayo inajua siku yake ya kuondoka.
Mama Cibalonza, ambaye hakusoma,
alitia dole gumba,
kisha akashinda kutwa nzima hakuunawa,
akiutazama ule wino
kama pete.

Jana mjomba amerudia swali lake:
hiyo elimu inatibu nini hasa?
Nikamfungulia daftari.
Akasoma mstari wa kwanza, akakohoa,
akasoma wa pili,
akatua kikombe chini.
"Na ile yangu," akanong'ona, "ile ya Krismasi,
iko ukurasa wa ngapi?"