Kopo Nusu

Bango walilisimamisha Jumatatu, pale Buzuruga:
msichana mweupe kama maziwa ya kopo
na maneno, OSHA USIKU USONI.

Mimi nilikuwa na katoni sita dukani Makoroboi.
Sikusoma bango. Nilisoma faida.

Jumatano akaja Holo, mkaanga mapanki wa Kirumba,
akaliweka kopo juu ya kioo, taratibu,
kama mtu anayerudisha sahani ya msibani.
"Mama tumemzika na usiku wake usoni.
Nani kawaambia ni uchafu?"

Nikasema, dada, hili umeshalitumia nusu.

"Nusu niliyopaka ni ujinga wangu, sikudai.
Nipe ya hii iliyobaki."

Nikamhesabia elfu nne. Nyuma yake
Milembe, Ng'washi, na mwalimu wa Igoma
aliyelifunga lake kwenye gazeti lisionekane.
Saa kumi kaunta imejaa makopo
na wakala wa kampuni hapokei simu.

Usiku ule umeme ukakatika mji mzima.
Bango likatoweka.
Sisi tulikuwepo,
tukiitana kwa majina, tukipanda Mabatini,
mawe yangali na joto la mchana.