Mfereji

Shangazi Mwanashehe aliposikia neno mifereji
aliacha kuchambua mchele.
"Kwani huu wa uani umekatwa?
Mtu apande ndege kufuata mfereji?"
Nikamwambia, Shangazi, huko Venisi mfereji si bomba,
mfereji ni barabara.
Mtu afungua mlango: kizingiti, kisha maji.
"Na unakwenda na nani?"
Peke yangu.
Akarudi kwenye ungo.

Mimi ni msoma mita. Mwaka wa kumi na tisa huu
nainamia visanduku vya Ngamiani,
barabara ya kwanza hadi ya ishirini,
nafukuza jongoo, napangusa kioo, naandika:
uliopita, wa sasa, tofauti.
Najua nani anaoga mara mbili.
Najua nyumba moja, barabara ya kumi na nne,
haina mtu, na mita yake inazunguka.

Daftari la safari nimelichora vivyo hivyo.
Usomaji uliopita: milioni tatu na laki moja.
Wa sasa: milioni tatu, laki moja na elfu tisini.
Tofauti: mwezi mzima bila soda,
na Chumbageni kwa mguu, kwenda na kurudi.

Nitakwenda Januari,
mwezi ambao wenye hela wanaukimbia kwa baridi.
Kitanda cha juu, chumba cha wanawake wanane,
Mestre, ng'ambo ya daraja la reli.
Boti ya abiria, dakika sabini na tano, yuro tisa na nusu:
nikaipiga kwa shilingi, nikaifuta,
nikaandika MIGUU.
Yule wa fulana ya mistari na kasia lake
awaimbie wengine.
Visheti vya Shangazi kilo mbili, havichachi.
Maji ya kunywa: mabomba ya mjini, bure,
yanatiririka usiku na mchana, hayana mita.
Hapo nilisoma mara mbili
kama mtu aliyekuta kosa kwenye ankara.

Koti nimelipata mitumbani Mgandini, elfu kumi na mbili,
zito kama deni.
Mfukoni mna tiketi iliyofuliwa ikafutika,
zimebaki herufi mbili.
Huenda lilitoka huko huko.
Basi limepata wa kulirudisha kwao, nauli juu yangu.

Benki, kijana Sekiondo
akigonga muhuri karatasi za viza
akauliza sababu ya safari.
Sina mkutano, sina mgonjwa, sina mume wa kumfuata.
Nikasema: kutazama.
"Kutazama nini?"
Maji yasiyodaiwa mtu.
Akaandika: utalii.

Tanga, husemwa, waja leo waondoka leo.
Hayo ya wageni.
Sisi tusiokuja wala kuondoka
hatukutungiwa neno.

Lipo jambo moja halina safu daftarini.
Kule, wasema, kila mtu hupotea,
vichochoro hujikunja, ramani hukudanganya,
unatembea weee, unaibukia majini.
Mimi sijui kupotea.
Nani apotee Ngamiani,
mitaa iliyohesabiwa kama kurasa?

Jumapili nikajaribu.
Nikavaa koti, jua la saa nane,
nikakata kushoto, nikakata kulia,
penye kona nikafumba macho, hatua thelathini,
baiskeli ikanipigia kengele na tusi.
Nikafumbua: ya kumi na nne.
Ile nyumba. Ile mita, polepole,
inahesabu maji yanayokwenda kusikojulikana.

Mtoto barazani, ubuyu shavuni:
"Mama wa mita, leo umekuja kukata?"
La, nikamwambia, leo nimekuja kupotea.
Akanitazama koti, jasho, viatu.
Akatema kokwa, akanyoosha kidole:
"Basi anzia kule."