Tazama Mikono

Miaka thelathini na mmoja nilining'inia kwenye kamba:
kizimba cha chuma, wanaume kumi na wanane,
mita mia tisa kwenda chini ya Ostrava,
na hakuna aliyefungua kinywa,
maana kila mmoja wetu alijua
kamba hukatikia pembamba.

Sasa nina nusu ya mapafu na dirisha moja,
na juu ya kabati la marehemu Květa
nina bwawa la kioo, lita sitini:
neoni kumi na wawili,
kambare wanne wa sharubu, wafupi kama kidole,
wanaopekua mchanga
kama watu waliopoteza funguo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la buluu.
Kambakoche wa mto, buluu ya moto wa gesi,
magando ameyainua kama anayeombewa picha.
Nikamlipia kabla Zdislava wa dukani hajamaliza kuguna.
Siku ya tatu, neoni kumi na mmoja.
Siku ya tano, tisa,
na mmoja wao hana mkia,
anakwenda upande upande, bendera iliyochanika.
Sikumchukia. Mwenye magando atabana tu;
nimefanya kazi chini ya wasimamizi wa namna hiyo.
Nikamrudisha ndani ya chupa ya matango ya siki.

"Bwana Hrubeš," akasema Zdislava, "acha rangi.
Tazama mikono.
Wa kubana, mpe chumba chake peke yake.
Wa kuokota, mpe majirani."
Akanionyesha uduvi wekundu, wadogo kuliko punje ya mchele,
mikono haitulii, inachambua ukoga, inachambua tena,
kama mafundi saa wenye njaa.
"Na huyu?"
Wa kahawia, mnene, ameketi mbele ya chujio
kama abiria asiyejali treni itachelewa.
Huyo hakuwa na magando hata kidogo.
Alikuwa na vipepeo vinne:
akavikunjua, akavifumba, akavilamba,
akala alicholetewa na mkondo.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea:
"Maji ya kwako hupita kwenye bomba la nini?"

La shaba. Jengo zima, tangu mwaka hamsini na nane.
Samaki huvumilia. Uduvi hufa kimya, mmoja mmoja.
Shimoni tulikuwa na taa: gesi ikija,
mwali ulirefuka, ukatuambia ondokeni.
Uduvi hana taa. Ana mimi.

Ghorofa ya chini mabomba ni mapya, ya plastiki,
na ghorofa ya chini anakaa Bohumila,
ambaye hatujasemeshana miaka tisa
kwa sababu ya baiskeli kwenye ngazi.
Nilisimama mlangoni pake na ndoo mbili,
nikipumua kama mlango mbovu.
Alizitazama ndoo. Alinitazama miguu.
"Futa viatu," akasema.

Uduvi kumi, na yule wa vipepeo.
Wiki ya pili nikakuta maiti juu ya jani:
nyeupe, tupu, sharubu na yote.
Nikaifukuzia na kijiko, kumbe ni koti.
Mwenyewe alikuwa chini ya mzizi, laini, anaona haya,
anangoja kukauka kwa namna ya majini.
(Hapa kwetu watu walijivua gamba mwaka themanini na tisa;
wengine walitoka na rangi ileile.)

Bohumila alipanda Jumapili, na tochi yake.
"Yule ana mguu mfupi."
Nikamweleza: ulikatika safarini.
Gamba hili ulitoka kama uzi,
gamba lijalo utakanyaga.
Wembamba kiasi kile, hukatika, kisha huota.

Akanyamaza, akasikiliza kifua changu kikipiga filimbi.
"Na mapafu?"

Hayaoti. Nimeshauliza.

Akachukua ndoo, zote mbili, akatangulia kushuka.