Masweta Kumi na Moja

Tulishuka Moshi alfajiri, mwezi wa saba,
watoto thelathini na wanne wa Lindi, malapa miguuni,
na neno la kwanza alilosema Somoe Nahonyo,
mkimbiaji wangu wa mita mia nne:
"Mwalimu, mdomo wangu unatoa moshi."
"Kumbe ndiyo maana pakaitwa hivi," akadakia mwingine,
wote wakaanza kupuliza hewa,
hata dereva akageuka kuuliza nani anavuta sigara.

Mkoa ulitupa jezi za kijani, mipira miwili,
barua yenye mhuri, na neno "vumilieni".
Masweta hayakuwamo kwenye bajeti.
Nani, Lindi, angeandika sweta kwenye bajeti?
Angeulizwa anaumwa nini.

Tukalazwa darasani, magodoro sakafuni,
ubaoni hesabu ya mtu, haijamalizika.
Usiku nikasikia meno.
Faraji Mnali, mrusha tufe, bonge la kijana,
amejikunja, miguu ndani ya gunia la mipira,
anadai yuko macho tu, anawaza mashindano.

Kulipokucha nikachukua pesa ya soda
(mkaguzi akisoma hapa, na asome)
nikaenda Kiboriloni, kwenye mitumba.
Mama Eliaichi akanipimia moja mgongoni:
"Hili, mwalimu, hata barafu ya Kibo inaliogopa."
La kumi na moja lilikuwa jekundu, kifuani swala
mwenye pembe kama mti uliokufa kwa kiangazi.
Hapo pesa ikakata.

Kumi na moja kwa thelathini na wanne:
nayo ikawa hesabu kama ile ya ubaoni.
Sheria waliitunga wenyewe, mimi sikuwepo:
anayeingia uwanjani anavua,
anayetoka anavaa.
Siwema alitoka kwenye netiboli amefungwa ishirini na saba,
jasho linamgandia shingoni,
na kabla hajapewa pole alishavishwa sweta,
lingali na joto la mtu mwingine.

Alhamisi, vijiti, wasichana.
Tulikuwa wa pili. Naapa, wa pili!
Nimesimama juu ya kiti cha watu, napiga kelele kilugha,
ndipo vidole vya Zaituni vikakataa kufunga.
Kijiti kikaanguka, kikabingirika
mpaka kwenye mstari wa Arusha.
Akakifuata. Akakiokota. Akampa Somoe,
na Somoe akakimbia kama anayedaiwa,
tukawa wa sita.

Nikatafuta maneno; mwalimu hulipwa awe nayo.
Siwema alinitangulia.
Akamvisha mwenzake swala yule mwekundu,
akakaa chini kwenye nyasi zenye umande,
akamsugua vidole, kimoja, kingine,
taratibu, kama mtu anayebangua korosho
asitake hata moja ivunjike.

Medali yetu ilikuwa ya Faraji, shaba,
kwa sentimita mbili. Nimeitaja. Tuendelee.

Na mlima?
Kila asubuhi waliniuliza, nami nikaelekeza kidole
kwenye wingu lile lile: "Pale."
Siku ya nne walishaanza kuniangalia
kama mgombea aliyeahidi daraja.
Siku ya saba tukapakia mizigo. Wingu.

Ndani ya basi kukawa na kikao:
nyumbani tukiulizwa, tujibu nini?
Zaituni akasimama, kashika kiti.
"Kijiti niliangusha. Nitasema niliangusha.
Lakini mlima, jamani, tuliuona."
Kimya. Mikono ikanyooshwa, na wangu nikaunyoosha.
"Ukoje?" akauliza Faraji, apate kulikariri.
"Mkubwa," akasema Zaituni, "mweupe,
na mdomo wake unatoa moshi."

Tulipofika Same, jua likatupata sawasawa.
Masweta yakavuliwa, yakarushwa kiti kwa kiti,
yakaja kurundikwa mapajani kwangu.
Nikahesabu: kumi.
Nikahesabu tena, kwa ajili ya mkaguzi.
Nikafunga gunia.