Neno Anza

Umeme ulikatika saa nane za usiku, ukarudi saa tisa kasoro,
na kompyuta ya zahanati, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
ikawaka kama mtu aliyegutushwa asijue kalala wapi:
taa inapepesa, feni inavuma,
lakini mafaili ya wagonjwa, kimya.

Miaka miwili kazi hiyo ilikuwa yangu.
Ukutani karatasi ya Hoza, kwa kalamu nyekundu:
Ikiwaka, ingia. Fungua dirisha jeusi.
Andika neno ANZA. Usiguse kingine.
Nami mlinzi, rungu kwapani,
nikidonoa kwa kidole kimoja,
A, kisha N, kisha naitafuta Z kule pembeni
kama shilingi iliyodondoka mchangani.

Usiku niliolala (nakiri, nililala)
foleni ya asubuhi ilifika kwa muuza mihogo.
Bi Chausiku na mjukuu mwenye homa
wakaambiwa: jina halipo.
Halipo! Na mtoto kazaliwa humu humu.

Ndipo akaja Mwanaharusi, binti wa Shekiango,
baiskeli akaiegemeza kwenye tangi la maji,
akaandika mistari sita, sikuhesabu vibaya.
"Ikifumbua macho, isubiri mtandao uamke,
halafu ianze. Ikianguka, ihesabu kumi, ijiinue."
"Bila kuambiwa na mtu?"
"Imeshaambiwa, baba. Mara moja."
Nikacheka. Nina wana watano,
sijui hiyo mara moja inauzwa duka gani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga daku mitaa hii,
debe la rangi na kipande cha bomba,
toka Barabara ya Kumi mpaka ya Ishirini,
naita kwa jina, nyumba kwa nyumba,
na mzee Mbwana hakuitika mpaka nitukane kidogo.
Siku hizi simu zinalia chini ya mito.
Debe nimepandia mchicha.

Jana umeme ukakatika tena.
Uliporudi nilikuwa nimeshasimama mlangoni,
kidole tayari, sijui kwa nini.
Feni. Taa. Nikahesabu,
saba, nane,
majina yakaanza kupanda kwenye kioo, moja moja,
na la mjukuu wa Bi Chausiku limo.

"Anza," nikaiambia, kwa mazoea.
Ilikuwa imeshaanza.
Nikarudi getini. Kahawa ilikuwa bado ya moto.