Ukurasa wa Thelathini na Nane

Fomu inasema naomba kubadili hadhi.
Nimeisoma mara nne chini ya taa ya jikoni
nikijiuliza hii niliyo nayo ina kasoro gani.
Mwanafunzi. Elimu ya udongo, mwaka wa tano.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi nimefika siku ya elfu moja na mia saba
na jembe bado limefungiwa stoo:
saa ishirini kwa wiki, ndani ya uzio wa chuo, basi.

Wendell alikuja maabara kupimisha unyevu wa mahindi,
kofia mkononi, akamwaga debe zima sakafuni.
Tuliokota punje mpaka taa za barabarani zikawaka.
Hilo halina risiti.

Kinachotakiwa kina risiti:
bili ya umeme yenye majina mawili,
akaunti ya pamoja yenye dola mia tatu na kumi,
picha. Zisiwe za siku moja, alionya wakili,
badilisheni nguo, badilisheni majira.
Mama mkwe, Bi. Darlene Kratochvil,
aliandika barua kwa kalamu ya risasi
kwamba naikosoa supu yake kila Jumapili
na mtu wa kupita hajisumbui kukosoa supu.
Daktari alinidunga upya chanjo za utotoni
kwa kuwa herufi za kwetu, kwenye cheti,
alizionea kama mizabibu iliyojisokota.

Kisha tukangoja.
Kungoja nako kuna sharti:
ukivuka mpaka bila kibali, ombi limekufa.
Ndivyo wakili alivyosema. Limekufa.
Mwezi wa pili baba akafa.

Kipo kibali cha dharura, alisema wakili,
ila theluji ilikuwa imefunga ofisi siku tatu,
na maiti haisubiri mhuri.

Kijijini kwetu intaneti huja ikipenda.
Wendell akapiga simu ya mezani ya jirani, Guliko,
ambaye nyumba yake imepakana na makaburi.
Guliko akaivuta kwa waya hadi dirishani, akaiacha wazi.
Saa kumi alfajiri Nebraska, saa nane mchana kule,
nikasikia sepetu.
Tabaka la juu limeganda. Chini yake mfinyanzi.
Miaka mitano ya masomo, nikaujua udongo kwa sauti.

Wendell, kwa Kijojia, anajua mkate na asante.
Aliketi sakafuni, mguu mmoja una soksi,
akinishikia simu sikioni.
Mkono ulipochoka, akabadilisha mkono.

Bili ikaja: saa nne na dakika kumi na moja.
Akaitoboa, akaipanga kwenye faili,
ukurasa wa thelathini na nane.
Nikamwambia, umemfanya baba yangu kielelezo.
Hatukusemezana mpaka Alhamisi.

Huko Omaha, ofisa Ybarra alikuwa na miwani yenye kamba
na mafua. Nani hulala upande wa dirisha?
Mswaki wa mwenzako rangi gani?
Ndoa ndoano, naye amelipwa kutafuta chambo.
Wendell alikosea rangi ya mswaki.
Mara ya mwisho mligombana kwa nini?
Wendell akatazama viatu vyake.
Nikaufungua mimi mwenyewe ule ukurasa.

Aliisoma namba, akazisoma dakika,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Labda alisema pole. Hita ilikuwa ikinguruma.

Kadi ililetwa na posta katikati ya matangazo ya piza.
Mkaazi, kwa masharti, miaka miwili.
Wendell anauliza tukate tiketi ya lini.
Namwambia, subiri mvua za huko zipite.
Kaburi jipya hutitia msimu wa kwanza,
udongo hupapasa kutafuta pa kulala.
Nataka nikifika nimkute baba
naye ameshakuwa mkaazi.